Filamu ya Krismasi ni ipi? Swali linalowagonganisha mashabiki na maprofesa

KILA ifikapo Desemba, wapenzi wa filamu katika mataifa mengi hufufua ugomvi ule ule: je, Die Hard ni filamu ya Krismasi, au ni filamu ya mapigano ambayo matukio yake yametukia tu siku ya Krismasi?

Filamu hiyo ya Marekani, iliyoelekezwa na John McTiernan, ilianza kuonyeshwa Julai 1988, majira ya joto nchini humo. Bruce Willis anaigiza John McClane, polisi wa New York anayesafiri hadi Los Angeles mkesha wa Krismasi akitumaini kupatana na mkewe, Holly. Karamu ya kampuni anayoifanyia kazi Holly inavamiwa na genge lenye silaha. McClane anabaki peke yake ndani ya jumba hilo refu, bila viatu, akipambana na wavamizi mmoja baada ya mwingine.

Wanaoikubali kuwa ya Krismasi hutaja mti uliopambwa, nyimbo za sikukuu na mume anayetafuta njia ya kuirudia familia yake. Wanaoikataa huuliza tangu lini risasi, damu na vigae vya kioo vikawa mapambo ya kusherehekea kuzaliwa kwa Yesu.

Huenda mzozo huu ukaonekana kuwa mzaha wa kupitishia wakati likizoni. Hata hivyo, ndani yake mna swali ambalo wasomi wa filamu wamelishughulikia kwa zaidi ya nusu karne: ni nani mwenye haki ya kuamua filamu ni ya aina gani na maana yake ni ipi? Ni aliyeitengeneza, ni msomi aliyeichambua, au ni mtazamaji aliyelipa kiingilio?

Jibu la swali hilo lina uzito. Huchangia kuamua filamu ipi itakayohifadhiwa, kufundishwa na kuonyeshwa tena, na ipi itakayotupwa ghalani isahaulike.

Lawama dhidi ya nadharia

Wapenzi wa filamu wamegawanyika kuhusu nadharia zinazofundishwa vyuoni. Kuna wanaozichukia kabisa. Kwao, mtu huenda kwenye sinema ili acheke, alie au aogope, na msomi anayefuata nyuma na kamusi ya maneno mazito huja tu kuyazima yale aliyoyahisi. Hulalamika kwamba baadhi ya wanazuoni huzungumza juu ya filamu kana kwamba hawajawahi kuifurahia hata moja.

Kuna wengine wanaosema kwamba nadharia iliwafungua macho. Mwanafunzi wa fasihi aliyefunzwa kutofautisha maudhui na fani hawezi tena kusoma riwaya kama alivyoisoma zamani, na hajutii. Vivyo hivyo kwa filamu: anayejua kwa nini kamera imewekwa chini badala ya juu haibiwi raha yake, bali huongezewa.

Jambo ambalo wengi katika kambi zote mbili hulisahau ni kwamba mojawapo ya nadharia maarufu zaidi za filamu haikuzaliwa chuoni. Ilizaliwa na mashabiki.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Paris walishinda katika kumbi za sinema wakitazama filamu za Marekani ambazo wakubwa wao walizidharau. Mwaka 1951 jarida la Cahiers du cinéma lilianzishwa, André Bazin akiwa miongoni mwa waasisi wake. Januari 1954, François Truffaut, kijana wa miaka 21 ambaye alikuwa bado hajajipatia jina kama mwelekezi, alichapisha humo makala makali yaliyoshutumu filamu za Ufaransa zilizotegemea waandishi wa miswada waliogeuza riwaya kuwa filamu. Kutokana na mjadala huo, wazo lilikomaa kwamba mwelekezi ndiye mtunzi halisi wa filamu, kama mwandishi alivyo mtunzi wa kitabu chake.

Mnamo 1962 Andrew Sarris alilipeleka wazo hilo Marekani. Mwaka uliofuata, Pauline Kael, mhakiki ambaye baadaye alivuma kupitia jarida la The New Yorker, alimjibu kwa ukali. Alihoji kwa nini alama zinazojirudia katika kazi za mwelekezi zihesabiwe kuwa sifa, ilhali hata mtu asiye na kipaji anaweza kujirudia. Wote wawili walikuwa wahakiki waliopenda sinema kupindukia, nao waligombana kuhusu nadharia.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1970, filamu ilipojipenyeza vyuoni kwa kasi. Christian Metz wa Ufaransa aliichunguza kwa zana za isimu. Mwaka 1975, Laura Mulvey wa Uingereza alichapisha katika jarida la Screen hoja kwamba filamu za Hollywood zilikuwa zimemweka mwanamke kama kitu cha kutazamwa, na kwamba jicho la kamera lilikuwa jicho la mwanamume. Aliazima mawazo ya Sigmund Freud na Jacques Lacan, na lugha yake si nyepesi. Lakini leo mtazamaji ambaye hajawahi kulisikia jina la Mulvey huweza kuuliza kwa nini mhusika wa kike hana kazi katika hadithi ila kupendeza. Hilo ni swali la Mulvey lililovaa nguo za kila siku.

Nayo lawama kwamba wasomi walipita kiasi ilitoka pia vyuoni. Mwaka 1996, David Bordwell na Noël Carroll walihariri kitabu kiitwacho Post-Theory, kilichoshutumu mtindo wa kuchukua nadharia moja kubwa na kuilazimisha kila filamu itoshee ndani yake. Walipendekeza maswali madogo zaidi ambayo yangeweza kujibiwa kwa ushahidi. Shabiki aliyechoshwa na maneno mazito alikuwa amepata mawakili wawili wenye shahada za juu.

Msamiati na sintaksia ya sikukuu

Nadharia inaweza kusema nini, basi, kuhusu ugomvi wa Die Hard? Msaada mzuri unatoka kwa Rick Altman, msomi wa Marekani ambaye mwaka 1984 alipendekeza njia ya kuzichunguza tanzu za filamu kwa kufuata mfano wa lugha.

Kwa mujibu wa Altman, utanzu una tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni kama msamiati: vitu, mavazi, mahali na wahusika tunaowatarajia. Filamu ya wachunga ng'ombe wa Marekani ina farasi, bastola na jangwa. Tabaka la pili ni kama sintaksia: namna vitu hivyo vinavyopangwa ili kujenga maana. Katika filamu hizo hizo za wachunga ng'ombe, mara nyingi mgogoro huwa kati ya nyika isiyo na sheria na mji unaotaka kustaarabika.

Tukiichukua mizani hiyo, tunaona kwa nini pande mbili za ugomvi hazisikilizani. Anayesema Die Hard ni ya Krismasi kwa sababu ina mti na nyimbo anazungumzia msamiati. Anayeikataa kwa sababu imejaa mauaji anazungumzia sintaksia, kwani kwake filamu ya Krismasi ni sharti iwe na mpango fulani: mtu aliyepotoka au kuvunjika moyo, muujiza, kisha upatanisho.

Lakini hata sintaksia hiyo imo. McClane anaanza akiwa mume mwenye kiburi aliyeachwa na mkewe, anapitia mateso, anakiri makosa yake, anarudiana na Holly. Aidha, Krismasi yenyewe imefungwa na hadithi kwa kamba ngumu. Bila sikukuu, McClane hangesafiri, karamu haingekuwapo, na jumba zima halingekuwa tupu kiasi cha kuwafaa wezi. Hata bastola ya mwisho ameibandika mgongoni kwa utepe wa kufungia zawadi. Pambo limekuwa silaha. Msamiati umegeuka sintaksia.

Hicho ndicho kipimo rahisi ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia: iondoe Krismasi katika hadithi, kisha utazame ni nini kitakachoanguka. Filamu nyingi zenye theluji na kengele zitabaki zimesimama kama zilivyokuwa. Die Hard itapasuka sehemu kadhaa.

Watengenezaji nao hawapatani

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ungemalizwa kwa kuwauliza waliotengeneza filamu. Tatizo ni kwamba wao pia hawapatani. Mnamo 2018, katika hafla ya televisheni ambapo wenzake walikuwa wakimfanyia mzaha, Bruce Willis alitangaza kwamba Die Hard si filamu ya Krismasi bali ni filamu ya Bruce Willis. Kinyume chake, Steven E. de Souza, mmoja wa waandishi wa mswada, ameitetea kuwa ya Krismasi.

McTiernan mwenyewe alitoa jibu la kuvutia zaidi mwaka 2020 katika video ya American Film Institute. Alieleza kwamba hawakuwa wamekusudia kutengeneza filamu ya Krismasi, lakini furaha iliyotokana nayo ndiyo iliyoigeuza ikawa hivyo. Hali kadhalika alifichua kwamba alipoifikiria Die Hard alivutiwa na sehemu moja ya filamu nyingine: It's a Wonderful Life.

Jibu hilo linaitikisa nadharia ya Truffaut. Ikiwa mwelekezi ndiye mtunzi na anakiri kwamba maana ya kazi yake ilitoka nje ya nia yake, basi kuna mtunzi mwingine ambaye hakutajwa: hadhira.

Filamu iliyookolewa na makaratasi

Historia ya It's a Wonderful Life inathibitisha jambo hilo. Frank Capra aliikamilisha mwaka 1946. James Stewart anaigiza George Bailey wa mji mdogo wa Bedford Falls, mtu aliyeziacha ndoto zake ili kuwasaidia jirani zake kupata nyumba kupitia chama kidogo cha mikopo. Mkesha wa Krismasi, pesa zinapopotea, anataka kujiua. Malaika anamzuia kwa kumwonyesha jinsi mji ungekuwa kama yeye hangezaliwa: ungeitwa Pottersville, kwa jina la tajiri Potter, na ungekuwa mahali pa ulevi, dhuluma na upweke.

Leo wengi huiona kuwa kielelezo cha filamu za Krismasi. Ilipotoka haikuwa hivyo. Haikurudisha gharama zake katika kumbi za sinema, na mwaka 1947 waraka wa idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, uliishuku kuwa na harufu ya ukomunisti kwa namna ilivyomchora tajiri huyo.

Iliokolewa na uzembe wa makaratasi. Mwaka 1974, hakimiliki yake haikuhuishwa upya. Vituo vya televisheni vya Marekani vikagundua kwamba vingeweza kuionyesha bila kulipia picha zake, navyo vikairudia kila Desemba kwa karibu miaka 20, hadi kampuni ya Republic Pictures ilipojinyakulia tena haki mwaka 1993 kwa kutumia hadithi na muziki uliomo. Kufikia wakati huo, familia nyingi zilikuwa zimekwisha kuifanya sehemu ya sikukuu yao. Mapenzi hayo yalichipuka sebuleni bila kuamriwa na profesa yeyote, wala kampuni yoyote.

Hata hivyo, msomi naye alikuwa na lake la kuongeza. Mwaka 1977, mhakiki Robin Wood aliandika katika jarida la Film Comment kwamba ndani ya filamu hiyo tanzu mbili zinapigana: vichekesho vya mji mdogo na filamu za giza za uhalifu. Bedford Falls na Pottersville ni mji mmoja unaotazamwa kwa macho mawili, na furaha ya mwisho inasimama juu ya ardhi nyembamba. Wazazi waliokuwa wakiilia kila mwaka bila kujua sababu walikuwa wamepewa maelezo: kilichowaliza ni hofu pamoja na furaha.

Krismasi yenye kivuli

Hapo ndipo panapoanzia njia ya filamu za Krismasi zisizo za kawaida, ambazo wapenzi wake huzithamini kuliko zile za mapenzi na theluji.

Bob Clark aliitengeneza Black Christmas nchini Canada mwaka 1974, kuhusu muuaji anayewapigia simu wasichana wa bweni moja wakati wa likizo. Ilitangulia Halloween ya 1978 kwa miaka minne. Mwelekezi huyo huyo alitoa A Christmas Story mwaka 1983, filamu ya kuchekesha kuhusu mtoto anayetaka bunduki ya kuchezea, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikirudiwa saa 24 mfululizo katika televisheni za Marekani. Mtu mmoja aliweza kuiona sikukuu kwa sura zote mbili.

Mnamo Juni 1984, Joe Dante alitoa Gremlins, ambamo zawadi ya Krismasi inazaa vijinyama waharibifu. Ukali wake, pamoja na ule wa filamu ya Indiana Jones ya mwaka huo, ulichangia kuanzishwa kwa daraja jipya la umri nchini Marekani mwezi uliofuata, lililowatahadharisha wazazi wenye watoto walio chini ya miaka 13. Stanley Kubrick, katika Eyes Wide Shut ya 1999, aliwasha taa za Krismasi karibu kila chumba cha hadithi kuhusu ndoa yenye tuhuma. Naye Satoshi Kon wa Japani, katika katuni ya Tokyo Godfathers ya 2003, aliwaonyesha watu watatu wasio na makao wakiokota mtoto mchanga jalalani mkesha wa Krismasi.

Kwa nini watu huzipenda filamu hizo? Sababu moja ni kwamba sikukuu haimjii kila mtu na pilau na nguo mpya. Kuna anayeila peke yake, kuna aliyefiwa, kuna anayeogopa nauli ya kwenda kwao, na kuna familia zinazokutana mara moja kwa mwaka ili zigombane. Filamu inayokiri kwamba Krismasi ina kivuli humwambia mtu wa namna hiyo kwamba hajakosea kuhisi anavyohisi.

Ni katika filamu za kutisha pia ambapo nadharia na mashabiki wameazimana kwa urahisi zaidi. Carol Clover, profesa wa Marekani, katika makala ya 1987 na kitabu cha 1992, alimwita msichana anayebaki hai mwishoni na kumkabili muuaji kwa jina la 'msichana wa mwisho'. Wapenzi wa filamu hizo walilichukua jina hilo wakalifanya lao. Wengi wanaolitumia leo hawajui kwamba lilitoka katika maandishi ya msomi.

Hadhira ndiyo huamua

Altman mwenyewe alirekebisha nadharia yake mwaka 1999. Katika kitabu chake Film/Genre aliongeza tabaka la tatu: matumizi. Msamiati na sintaksia havitoshi, alisema. Ni lazima pia kuuliza watu mbalimbali wanaitumia filamu vipi na kwa malengo gani.

Ushahidi umejaa Ulaya. Nchini Norway na Ujerumani, filamu inayotazamwa sana wakati wa Krismasi ni hadithi ya Cinderella iliyotengenezwa mwaka 1973 na Czechoslovakia ikishirikiana na Ujerumani Mashariki. Hadithi yenyewe haihusu Krismasi. Norway huitazama ikiwa na sauti ya mtu mmoja, mwigizaji Knut Risan, anayesema maneno ya wahusika wote, wa kiume kwa wa kike. Nchini Italia, mkesha wa Krismasi huambatana na Trading Places, kichekesho cha Marekani cha 1983. Nchini Poland, ni Home Alone ya 1990.

Kwa Wakenya, sauti moja inayobeba filamu nzima si jambo geni. Wasimulizi kama DJ Afro wamejipatia umaarufu kwa kupachika masimulizi yao ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni za mapigano, wakiwapa wahusika utani ambao mwandishi wa Hollywood hakuuota. Mnorwe anayemngoja Risan kila Desemba na Mkenya anayeitafuta filamu kwa sababu ya msimulizi wake wanafanya jambo moja: wanaichukua kazi ya mtu mwingine na kuipa makao mapya.

Mashabiki wana haki, basi, ya kuamua filamu ipi iingie sebuleni mwao wakati wa sikukuu. Lakini haki hiyo haiwaondolei wajibu wa kutoa sababu, na hapo ndipo wanapokutana na maprofesa wapende wasipende. Anayesema 'naipenda' amemaliza mazungumzo. Anayesema 'ni filamu ya Krismasi kwa sababu...' ameanza kunadharia, hata kama hajawahi kukanyaga chuo.

Msomi naye ana deni. Nadharia isiyomrudisha mtazamaji kwenye filamu akiwa na macho makali zaidi haijafanya kazi yake, hata ikinukuliwa mara ngapi. Wood alimrudisha mtu Bedford Falls. Clover alimrudisha kwa msichana aliyesalia. Anayetaka kuupima ubora wa nadharia nyingine yoyote na aitazame filamu mara mbili, kabla ya kuisoma na baada ya kuisoma, kisha aulize kama ameona kitu ambacho mara ya kwanza kilimpita.